Franga za corona kwa wakulima: nani alipata, na raia walijua namna gani?

Wakati serikali inatangaza msaada, kitu cha kwanza chenye tunasikia ku radio ni jumla: milioni kadhaa, bilioni kadhaa. Jumla ile ni nzuri kusikia, lakini haisemi kama mama mwenye kulima hekta moja ya mihogo alipata hata dola 10. Kwa kujua ile, kunahitajika listi: nani alipata, alipata ngapi, juu ya nini, na nani aliandika jina lake.

Mu ukurasa huu tunaeleza namna Marekani ililipa wakulima wake wakati wa corona, mu programu yenye iliitwa CFAP, na namna raia wa kule wanaweza kufuata feza zile. Kisha tunapita India na Ulaya. Hatuchukui Marekani kwa sababu mambo yao yote ni safi. Tunaichukua kwa sababu makaratasi yanaonekana, na makaratasi yale yanaonyesha pia mahali penye mambo hayakuwa sawa. Ku mwisho tunaweka maswali yenye mtu anaweza kuuliza siku listi ya msaada inapita mu kijiji chake.

Juu ya nini wakulima walilipwa

Mwanzo wa mwaka 2020, corona ilifunga miji ya Marekani, na wakulima walipoteza wanunuzi mu siku chache. Masomo yalifungwa, restora na hoteli pia. Maziwa yenye yalikuwa yanapelekwa kule yalikosa mwenye kuyapokea. Mu jimbo la Wisconsin na majimbo mengine, wafugaji waliyamwaga chini. Machinjio makubwa yalisimama juu wafanyakazi waliambukizwa, kama lile la kampuni ya Smithfield mu mji wa Sioux Falls, mwezi wa 4. Wafugaji wengine waliua nguruwe zao bila kuuza hata kilo moja ya nyama.

Huku kwetu hasara ilipita njia ingine. Mwezi wa 3 2020 mipaka ilifungwa, na wamama wenye walikuwa wanavuka kila siku kati ya Goma na Gisenyi, ao kati ya Bukavu na Rusizi, na mboga, unga ao matunda, walikosa njia ya kutafuta chakula cha watoto. Ugonjwa ulikuwa mmoja, lakini mifuko ya serikali haikuwa sawa.

Kule Marekani, bunge lilipitisha sheria ya msaada, CARES Act, tarehe 27 mwezi wa 3 2020. Tarehe 17 mwezi wa 4, waziri wa kilimo Sonny Perdue alitangaza dola bilioni 19: bilioni 16 kwa kulipa wakulima moja kwa moja, na bilioni 3 kwa kununua chakula na kukigawia familia zenye shida. Bilioni 16 zile peke yake zinapita bajeti yote ya mwaka 2020 yenye bunge la Kinshasa lilipitisha kwa inchi nzima. Mwezi wa 9, serikali ilifungua awamu ya pili, CFAP 2, ya hadi dola bilioni 14. Ku mwisho wa yote, wakulima walikuwa wamepokea zaidi ya dola bilioni 30 mu programu hii.

Sehemu kubwa ya feza ilitoka mu mfuko wenye unaitwa Commodity Credit Corporation, wenye uliundwa mwaka 1933. Mfuko ule una ruhusa ya kukopa hadi dola bilioni 30 ku hazina ya serikali. Faida yake ni mbio: waziri hangojei bunge lijadili kila malipo. Hasara yake ni ile ile: kama bunge halijadili, raia anabaki na njia moja ya kujua, ni kuangalia listi kisha malipo.

Hesabu ilifanywa namna gani

Mkulima alikuwa anaenda ku biro ya kilimo ya eneo lake, ao anatuma fomu kwa intaneti. Alikuwa anaandika mazao ao mifugo yake, na yeye mwenyewe anaweka sinyatire kusema ni kweli. Biro ilikuwa na haki ya kuomba makaratasi kisha, lakini haikuyaomba kwa kila mtu. Ndiyo maana malipo yaliweza kuanza haraka, mu wiki chache tu kisha fomu kufunguliwa tarehe 26 mwezi wa 5.

Kiasi kilifuata wingi wa mali. Kwa mfano, mu awamu ya kwanza, kila ngombe wa nyama mwenye alikuwa tayari kwa machinjio na aliuzwa kati ya tarehe 15 mwezi wa 1 na tarehe 15 mwezi wa 4 alihesabiwa dola 214. Mwenye kuuza ngombe 10 alihesabiwa dola 2.140. Mwenye kuuza ngombe 1.000 alihesabiwa dola elfu 214. Kulikuwa kipimo cha juu: dola elfu 250 kwa mtu mmoja. Lakini kampuni yenye wenye hisa 3 wanafanya kazi kweli mu shamba, saa 400 kila mmoja, iliweza kupata hadi dola elfu 750.

Hapa hakuna mtu aliiba. Ni sheria yenyewe ilisema hivi: mwenye mali mingi alipoteza mingi, basi apewe mingi. Mtu anaweza kukubali ao kukataa mawazo yale. Lakini hawezi kuyajadili kama hajui kanuni ya hesabu. Uwazi wa kwanza ni ule: kanuni ilitangazwa mbele ya malipo, kila mkulima aliweza kuchukua kalamu na kuhesabu yake.

Mwaka ule wa 2020, ukiweka pamoja CFAP na misaada ingine, malipo ya serikali kwa wakulima wa Marekani yalifikia karibu dola bilioni 46. Ilikuwa rekodi.

Wenye walibaki nyuma

Mwaka 2021, kisha serikali kubadilika, waziri mupya wa kilimo Tom Vilsack alisema wazi kitu chenye jumla ilikuwa imeficha. Ku karibu dola bilioni 26 za corona zenye zilikuwa zimelipwa wakulima, wakulima weusi walikuwa wamepata dola milioni 20,8 tu. Ile ni asilimia 0,1. Na wakulima weusi, kufuatana na hesabu ya kilimo ya mwaka 2017, ni zaidi kidogo ya asilimia 1 ya wakulima wote wa Marekani.

Hakuna mstari wa CFAP wenye ulisema mtu mweusi asipewe. Ilitoka wapi, basi? Kama malipo yanafuata wingi wa mali, mwenye shamba dogo anapata kidogo. Na mashamba ya weusi ni madogo kwa sababu ya historia ndefu. Biro za kilimo ziliwanyima mikopo miaka na miaka. Mwaka 1999 serikali ilikubali mbele ya tribinali kulipa wakulima weusi mu kesi yenye inajulikana kama Pigford. Mtu mwenye biro ilimfukuza zamani hana haraka ya kurudi pale kuomba fomu.

Vilsack alifungua tena maombi mwaka 2021 na kuweka feza kwa kufikia wakulima wenye hawakufikiwa. Bunge nalo lilipitisha dola karibu bilioni 4 za kufuta madeni ya wakulima weusi na wengine wenye walibaguliwa, lakini wakulima wazungu walifungua kesi, tribinali zikasimamisha malipo, na mwaka 2022 bunge likaondoa sheria ile na kuweka ingine. Hadi leo watu wanabishana kule. Lakini wanabishana juu ya hesabu yenye iko ku meza, si juu ya masikizi.

Listi ya majina haikuanguka kutoka mbinguni

Marekani ina sheria tangu mwaka 1966 yenye inaruhusu kila mtu kuomba karatasi ya serikali. Hata na sheria ile, ministeri ya kilimo ilikuwa inakataa kutoa majina ya wenye kupokea, ikisema ni siri ya mtu. Gazeti la Washington Post liliipeleka ku tribinali juu ya feza za walimaji wa pamba, na mwaka 1996 juji aliamua: mtu mwenye kupokea feza ya raia ana siri kidogo juu ya feza ile, na haki ya raia kujua inapita siri yake.

Shirika moja la raia, Environmental Working Group, lilikusanya majina na mwaka 2001 likayaweka ku intaneti, kila mtu aweze kutafuta kwa jina ao kwa eneo. Watu walishangaa. Mu listi ya msaada wa wakulima walikutana na tajiri wa televizyo Ted Turner na mchezaji wa basketi Scottie Pippen. Hawakuvunja sheria, walikuwa na ardhi, na sheria ililipa mwenye ardhi. Lakini toka siku ile hakuna mbunge aliweza kusema feza yote inaenda kwa mkulima mdogo bila mtu kumuonyesha listi. Kufuatana na hesabu ya shirika lile, tangu 1995, asilimia 10 ya wapokeaji wakubwa walichukua zaidi ya robo tatu ya malipo ya mazao.

Mwaka 2008, sheria mupya ya kilimo ilifunga habari nyingi zenye mkulima anapatia serikali, kama ramani ya shamba na namna analima. Lakini iliacha mlango mmoja wazi: majina ya wenye kulipwa, anwani na kiasi. Kwa mlango ule ndiyo malipo ya CFAP yaliweza kujulikana.

Listi ile ina tundu pia. Kama jina lenye limeandikwa ni la kampuni, raia anaona kampuni, haoni watu wenye wako nyuma yake. Na jina mu listi halisemi kama ngombe zenye zilihesabiwa zilikuwako kweli. Mwaka 2022, ofisi ya bunge yenye inachunguza matumizi ya serikali, GAO, iliandika kwamba ministeri inapashwa kuchunguza malipo ya CFAP kwa ukali zaidi. Kwa kifupi, listi haitoshi peke yake. Inahitaji mtu wa kupita ku shamba kuangalia.

Sanduku za chakula, na mikopo ya kampuni ndogo

Mambo mawili ya wakati ule yanaonyesha vizuri nguvu ya jina.

La kwanza ni zile bilioni 3 za kununua chakula. Mwezi wa 5 2020 ministeri ilitangaza kampuni zenye zilipata kontra. Mu listi, waandishi wa habari waliona kampuni moja ya Texas yenye kazi yake ilikuwa kutayarisha ndoa na sherehe, na kontra yake ilikuwa ya karibu dola milioni 39. Wabunge waliuliza maswali, na kontra ile haikurudishwa. Kama ministeri ingetangaza tu "tumesaini na kampuni nyingi", nani angejua?

La pili ni mikopo ya PPP kwa kampuni ndogo, yenye wakulima pia waliruhusiwa kuomba. Mwezi wa 7 2020 serikali ilitoa majina ya mikopo mikubwa tu, bila kiasi kamili. Magazeti yalienda ku tribinali, juji akaamuru yote itoke, na tarehe 1 mwezi wa 12 majina yote na kiasi vilitoka. Hapo ndipo watu waliona kwamba zaidi ya nusu ya feza ilienda kwa asilimia 5 tu ya wenye kupokea. Programu ilikuwa inaitwa ya kampuni ndogo.

India: listi inafika hadi mu kijiji

Mtu anaweza kusema: ile ni Marekani, inchi ya matajiri. Tuangalie basi India, kwenye wakulima wengi wana shamba dogo kama huku kwetu.

India ina programu ya PM-KISAN tangu mwanzo wa 2019. Kila familia ya mkulima mwenye ardhi inapata rupia 6.000 kwa mwaka, mu mara tatu za rupia 2.000, moja kwa moja mu konti ya banki. Corona ilipofika, serikali iliharakisha malipo ya mwezi wa 4 2020 kwa wakulima zaidi ya milioni 80. Rupia 2.000 ilikuwa karibu dola 26.

Kitu cha kuangalia ni listi. Ku ukurasa wa programu, mtu anachagua jimbo, wilaya, kisha kijiji, na majina yanatoka. Jirani anaweza kuona jirani. Na inchi ile ina sheria ya mwaka 2005 ya haki ya kupata habari. Mtetezi wa haki moja aliitumia kuuliza: ni wangapi walipata bila kustahili? Jibu lilitoka mwezi wa 1 2021: zaidi ya watu milioni 2, na rupia karibu bilioni 13,6. Zaidi ya nusu yao walikuwa watu wenye kulipa kodi ya mapato, ni kusema watu wenye mshahara mzuri, wenye kanuni iliwakataza. Mu jimbo la Tamil Nadu, serikali yenyewe ilivumbua mwaka 2020 kwamba majina ya uongo ya mamia ya maelfu yaliingizwa, tena kwa kutumia namba za siri za wafanyakazi wa Leta.

Ni kusema listi ya wazi haizuii wizi siku ya kwanza. Inafanya wizi usidumu.

Siri ya mtu nayo ina maana

Ulaya ilionyesha upande mwingine. Mwaka 2010 tribinali ya Umoja wa Ulaya ilifuta kanuni ya kutangaza majina ya wakulima wote, juu haikutofautisha kati ya mwenye kupokea kidogo na mwenye kupokea kingi. Umoja ule ulitunga kanuni mupya: majina yanatangazwa, lakini mwenye kupokea hadi euro 1.250 kwa mwaka jina lake halitoki.

Huku kwetu mashariki, jambo hili si la kubishana tu. Mu sehemu zenye bunduki, kubandika ku ukuta jina la mtu, kijiji chake na feza yenye atachukua kesho ni kumuonyesha wezi. Lakini woga ule usigeuke kisingizio cha kuficha yote. Kuna njia za katikati:

– kutangaza kisha malipo, si mbele;
– kutoandika namba ya telefone wala mahali pa nyumba;
– kwa watu wadogo, kutangaza hesabu kwa kila kijiji: watu wangapi, wanaume na wanawake, na kiasi cha kila mtu; kisha kila mtu aruhusiwe kuangalia jina lake mwenyewe;
– kwa koperative, kampuni na wenye kuleta mbegu ao mbolea, kutangaza yote: jina, kontra, kiasi na wenye mali. Kampuni yenye kuchukua kontra ya Leta haina siri sawa na ya mama wa mihogo.

Huku kwetu: kwa nani kuuliza

Kongo pia ilikuwa na feza za corona. Mwezi wa 4 2020 kuliundwa Fonds national de solidarité contre le coronavirus, na mwezi ule ule Mfuko wa Feza wa Kimataifa, FMI, ulikopesha inchi yetu zaidi ya dola milioni 363 kwa haraka. Mkopo ule unalipwa na raia wote, hata wenye hawakupata kitu.

Kazi ya kuchunguza feza ya Leta iko mu mikono ya Inspection générale des finances na Cour des comptes, na wabunge wa jimbo na wa taifa wana haki ya kuita waziri na kumuuliza. Lakini mu msaada wa kilimo, iwe wa Leta ao wa shirika, mambo mengi yanaamuliwa chini zaidi: kwa chefu wa kijiji, ku groupement, mu komite ya koperative. Pale ndipo jina linaingia ao linatoka. Na pale mtu hahitaji intaneti wala avoka. Anahitaji kuuliza mbele ya watu.

Maswali ya kuuliza siku listi inapita

1. Feza ao mbegu hizi zinatoka kwa nani, na jumla ya kijiji chetu ni ngapi?
2. Kanuni ni gani? Mwenye shamba, mwenye kukodisha, mjane, mkimbizi wa ndani: nani anaingia, nani haingii?
3. Nani aliandika majina, na listi ilisomwa wapi mbele ya watu?
4. Kila mtu atapata ngapi, na kama ni kwa telefone, nani anakata kitu kwa njia?
5. Ni wanawake wangapi mu listi? Jina lenye limeandikwa ni la mwenye kulima, ao la mwenye nyumba tu?
6. Mwenye jina lake limesahauliwa analalamika wapi, na mu siku ngapi atapata jibu?
7. Kisha malipo, nani atarudi kuhakikisha wenye wako ku listi ndio walipokea?

Kuuliza hivi si kumwita chefu mwizi. Chefu mwenye aliandika vizuri ndiye wa kwanza kupata faida, juu listi yenye ilisomwa mbele ya wote inamkinga na masengenyo. Na kama jibu ni "mambo haya hayawahusu", andikeni tarehe, andikeni nani alisema, na pelekeni swali kwa mbunge wenu ao ku radio ya kwenu. Jumla mlishasikia, sasa ombeni listi.